Matumbo Manne ya Jemedari

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimehamia ranchi kwa binti yangu. Miaka arobaini nimekuwa kinyozi. Sasa nalisha ng'ombe. Ng'ombe halalamiki kwamba umemkata sikio. Maendeleo!

Mkwe wangu kasema, kwa adabu zote, macho kwenye viatu vyake: tujaribu wiki moja. Nikifaa, chumba kilicho ubavuni mwa ghala ni changu. Nisipofaa, nirudi kwa dada yangu, anayenilaza koridoni na kuficha sukari nikiingia jikoni. Sirudi! Bora nilale na ndama.

Mwalimu wangu ni msimamizi wa malisho, kijana wa juzi tu. Nimembandika jina Kipimo. Ana mizani mlangoni mwa ghala na kila kitu lazima kining'inie hapo kwanza. Kanionya: nyasi kavu kwanza, nafaka baadaye, tena kidogo, na usimbadilishie ng'ombe chakula ghafla. Nikamwambia nilianza kula kabla hajazaliwa. Akanijibu: ni kweli, mzee, ila hujawahi kucheua. Wakamuaji wa maziwa wote wakacheka. Limeniingia hilo.

Jumanne, tarehe 4

Leo nimejifunza jambo zito. Kipimo anasema ng'ombe ana matumbo manne. Manne! Na Jemedari, fahali mkubwa kuliko wote, anapewa ndoo moja ya mahindi ya kusaga kwa siku.

Hesabu yangu ya darasa la nne haijaoza. Ndoo moja, matumbo manne. Matatu yanalala njaa, na mtu anajiita mtaalamu!

Binti yangu kaniambia mnunuzi anakuja Ijumaa kumwona Jemedari. Akiuzwa, wanachimba kisima. Asipouzwa, kiangazi hiki kitawamaliza. Kumbe! Nikimnenepesha kabla ya Ijumaa, kisima changu, chumba changu, na Kipimo atatafuta pa kuficha uso.

Jumatano, tarehe 5

Saa sita mchana Kipimo huenda kuoga na kutundika ufunguo wa ghala msumarini. Anaimba sana bafuni, kwa hiyo unajua amefika wapi. Nimechota ndoo tatu, nikamwagia Jemedari horini. Moja alishapewa asubuhi. Jumla nne. Kila tumbo na haki yake!

Kala yote akalamba na mbao. Kisha akanitazama kwa mapenzi. Marehemu mke wangu alinitazama hivyo mara moja tu, siku nilipoleta cherehani.

Baadaye, siku hiyohiyo. Niliandika mapema mno.

Saa tisa Jemedari kaacha kucheua. Saa kumi ubavu wake wa kushoto umevimba kama ngoma. Anapumua kwa mdomo, ulimi nje, anapiga tumbo kwa mguu. Kipimo kaja mbio na mpira mrefu. Akauliza: amekula nini? Nikasema nyasi tu. Mdomo wangu huu! Ulijibu wenyewe.

Akauliza tena, taratibu. Kwamba kama ni majani, dawa yake nyingine. Kama ni nafaka, nyingine. Akibahatisha, fahali anakufa mikononi mwetu. Binti yangu kashika kamba ya fahali. Mimi akilini natazama korido ya dada yangu. Naiona hadi doa la ukutani.

Jemedari akapiga magoti.

Nikasema: ndoo nne. Nikasema kwa sauti ya kuku. Binti yangu akafumba macho, akaniambia, "Baba!" Basi. Afadhali angenitukana.

Kipimo hakunitazama hata. Aliamuru wakamuaji wamwinue, akapitisha mpira kooni hadi tumboni. Pumzi iliyotoka! Nimenyoa watu wenye vidonda vya kichwa, sijawahi kunusa kitu kama hicho. Akammiminia maji ya magadi chupa kwa chupa. Kazi yangu ikawa kumtembeza uani. Nilitembea mpaka magoti yakagoma, nikimwomba fahali msamaha sikioni.

Alhamisi, tarehe 6

Tangu alfajiri nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikitazama taya la ng'ombe. Halitikisiki. Kipimo kakaa upande wa pili.

Saa nne taya likatikisika. Likasimama. Likaanza tena, kulia, kushoto, kulia. Anacheua! Kipimo akalia. Mimi vumbi liliniingia machoni.

Ijumaa, tarehe 7

Mnunuzi kapigiwa simu: aje baada ya wiki mbili. Kakubali, akinung'unika. Kisima kimeponea chupuchupu.

Mkwe wangu kaniita. Nikafunga mzigo kwanza. Kasema, akiviangalia vilevile viatu, kwamba Kipimo kanitetea: nisingesema ndoo nne, leo tungekuwa tunachuna ngozi. Chumba ni changu. Ila ng'ombe nisiwaguse, hata kwa salamu. Nimehamishiwa kuku. Ufunguo wa ghala sasa Kipimo anaoga nao.

Jumamosi, tarehe 8

Kuku ni watu wapole. Kipimo kanielekeza: punje kiasi hiki, maji kiasi hiki, nisiongeze kitu. Nikaapa. Halafu, akiondoka, katamka jambo kama mzaha: kuku hana hata jino moja.

Hana jino! Na wanampa punje kavu, ngumu kama kokoto! Mimi nimebakiwa na meno sita na nakula vilivyolainishwa. Ukatili ulioje!

Kesho Kipimo akianza kuimba bafuni, nawapikia uji. Sufuria kubwa nimeshaiona jikoni kwa binti yangu.