Ukuta Uliotangazwa Kuwa Kiwanja

Ofisi ya Majengo Rafiki kwa Mazingira ilitangaza kwa vipaza sauti kwamba udongo wowote uliosimama ukutani ungali ardhi, na ni mali ya mwenye kiwanja ulikochimbwa. Wataalamu walikuwa wamelifikiria jambo hilo kwa kina, kwa chai na vitafunio.

Mkurugenzi mwenyewe alifika kwa Fundi Viatu na kopo la rangi nyekundu.

"Mzee, udongo wa nyumba hii ulitoka wapi?"

"Mtaroni, kando ya barabara. Marehemu mke wangu aliubeba kwa karai."

"Barabara ni ya serikali. Kwa hiyo unaishi barabarani."

"Ndiyo maana vitanda vyetu vina vumbi," shemeji yake, ndugu wa marehemu, alidakia kutoka uani.

Fundi hakucheka. Pale dirishani zilibaki alama za vidole vya mkewe, alipokandika mara ya mwisho. Picha yake hakuwa nayo hata moja.

"Ningependa kusaidia," alisema Mkurugenzi akichora X, "ila utaratibu ni utaratibu. Kesho tunabomoa."

Alipoondoka, shemeji alikwenda kumwaga maji nyuma ya jiko, kwenye lile shimo ambamo vibarua wa Ofisi walichimba udongo wa kujengea makao makuu mapya, bila hata hodi. Akasimama na beseni mkononi.

"Shemeji, hiki kiwanja si chako?"

"Changu."

"Na udongo wake uko wapi?"

Fundi akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

Asubuhi Mkurugenzi alikuta X kwenye ukuta wa makao makuu, ya dawa ya viatu, imepigwa brashi mpaka inang'aa. Ndani, Fundi alikuwa kwenye kiti cha Mkurugenzi akishona soli.

"Mzee, unafanya nini ofisini kwangu?"

"Kwako wapi, mwanangu? Uko nyuma ya jiko langu. Ningependa kusaidia, ila utaratibu ni utaratibu."

Wataalamu walikutana kwa dharura. Safari hii hawakupata chai, maana jiko la ofisi lilikuwa limekaliwa na shemeji. Mchana vipaza sauti vikatangaza upya: nyumba ya udongo ni mali ya mikono iliyoikandika.

"Basi ile ni ya marehemu," alisema Fundi, akikusanya sindano zake. "Mimi mpangaji tu."

Mkurugenzi alimsindikiza hadi mlangoni, akashusha pumzi.

Nje walisimama vibarua waliokandika makao makuu. Tangazo walikuwa wamelisikia vizuri kabisa, na kila mmoja alikuwa na mkeka wake kwapani.