Gita Jekundu la Marehemu Kweyu

Jumatatu, 3 Juni 1996

Leo nimekuwa mtu wa video! Mutisya, yule jirani anayepiga video za harusi, amenirekodi kando ya reli, upande wa Industrial Area, moshi wa viwanda ukipanda nyuma yangu kama nimeuagiza. Gita langu jekundu shingoni. Miwani nyeusi usoni. Kichwani wigi ya mke wangu Nerima, ile ya kwendea kanisani, maana watu wa roki lazima wawe na nywele na zangu ziliniaga zamani. Nilipojitazama ndani ya kamera nilimwogopa yule jamaa.

Wimbo nimeutunga mwenyewe. Unaitwa "Cheche". Moshi wa kiwanda, nipande kifuani, nirushe kama cheche, nitue mawinguni! Halafu napiga yowe refu. Shule niliachia darasa la nne, lakini yowe halina darasa.

Nerima hakupendezwa. Akasema wigi yanuka makaa. Halafu akatoa habari aliyokuwa ameificha: Everline wa nyumba za nyuma ana cherehani asiyoitumia, na mwanawe anataka gita. Wamekwisha kuelewana wabadilishane. Nikapiga goti. Moja tu, la pili haliji tena. Akalegea kidogo. Akasema, "Haya, Baba Ayuma, akipatikana mtu mmoja tu wa kuusifu huo wimbo mbele yangu, kwa hiari yake, kabla ya Jumapili jioni, gita linakaa. Asipopatikana, linakwenda kwa Everline. Na mlevi hahesabiwi."

Mwanamke huyu ananijua sana.

Jumatano, 5 Juni

Nimetembea mpaka Pumwani kwa Bulle, mwenye kibanda cha video. Nikamwambia nina kitu kipya kabisa kutoka ng'ambo, akiweke kabla ya filamu ya karate. Mpango: nikae nyuma, nimtambue atakayepiga makofi kwa nguvu zaidi, nimkokote mpaka nyumbani Kaloleni kwa chai, aseme maneno yake mbele ya Nerima.

Kibanda kilijaa. Nikatokea kwenye kioo. Mmoja akasema, "Ebu cheki, huyu mzee buda ameshikwa na waya wa stima!" Mwingine akauliza kama ni tangazo la dawa ya meno. Yowe lilipokuja, aliyekuwa karibu na mlango akaufungua akidhani kuna moto, na nusu yao wakatoka.

Makofi yalipigwa filamu ya karate ilipoanza.

Bulle ni mtu wa adabu. Alinifungia kanda yangu kwa gazeti kama anayefunga samaki, akasema, "Mzee wangu, wewe karibu siku yoyote. Hii kanda, hapana."

Alhamisi, 6 Juni

Jioni nilikwenda matangani kwa Mzee Akech, Mungu amrehemu. Akech alikuwa anapiga kodiani. Aliipiga vibaya hata mbwa wa mtaa walihamia Makongeni. Walter, waliyepakana naye ukuta, aliwahi kummwagia maji ya kufulia kupitia dirishani, na sisi majirani tukamshukuru Walter.

Leo Walter alisimama, sauti ikitetemeka, akasema kodiani ya Akech ilikuwa dawa. Akasema usiku bila ile kodiani usingizi hauji. Watu wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo. Mimi chai ikanipalia.

Kumbe! Sifa zimejaa tele mtaani humu, ila hapewi mtu anayepumua. Sasa mimi kufa siwezi, gita nitalipigaje? Lakini binamu yangu Kweyu anaweza. Sina binamu anayeitwa Kweyu. Ndiyo maana hataumia.

Jumamosi, 8 Juni

Ibada ya nyumbani ilikuwa zamu yetu. Wakaja akina mama wote wa kanisa, Everline mbele, na Wekulo, mwalimu wa kwaya. Huyu Wekulo alinitoa kwaya mwaka juzi, akawaambia watu sauti yangu inatokea mlango wa nyuma.

Baada ya sala nikasimama na leso mkononi. Nikawaeleza habari za Kweyu, binamu yangu, mwimbaji wa roki, tuliyemzika nyumbani siku za Pasaka. Hakuacha mke, hakuacha mtoto. Aliacha gita jekundu, ninamtunzia, na zile kelele wanazosikia hapa jioni ni mimi ninalipangusa vumbi. Nerima alinitazama kama mtu anavyotazama maziwa yanayokaribia kufurika.

Nikawasha deki ya video niliyoazima kwa Mutisya. Hakuna aliyenitambua! Wigi ni kitu kikubwa. Everline akaanza, "Jamani, kijana mzuri hivyo!" Kijana! Yowe likaja, wakashika mashavu. Wekulo akavua miwani, akaifuta, akasema hiyo ndiyo sauti ya kuzaliwa nayo. Halafu akanigeukia, "Mzee Luseno, ungekuwa na nusu ya huyu, mimi ningekutoa kwaya?"

Nikamtazama Nerima. Akainamisha kichwa kidogo. Makubaliano ni makubaliano. Gita langu!

Hapo ningekaa. Mtu mwenye akili angekaa. Lakini sifa ni kama njugu, huwezi kuacha mkono ndani ya pakiti. Everline akauliza marehemu alikufaje, nami badala ya kusema alilala akaondoka, nikawapa kifo kamili. Nikasema alinishika mkono. Nikasema aliniambia, "Luseno, ndugu yangu, gita langu limepiga ya dunia." Nikanyamaza, natafuta neno tamu la kumalizia. Likaja lenyewe: "Sasa lipige ya mbinguni."

Akina mama wakaangua kilio. Nami nikalia, maana ilikuwa nzuri kweli.

Wekulo akasema polepole, "Huo ni wosia."

Mama mmoja akasema kwao kuna mtu alikalia wosia wa marehemu, taya likapinda mpaka leo. Wote wakatazama taya langu. Nikasema pengine Kweyu hakumaanisha gita hili. Wekulo akauliza alikuwa na magita mangapi. Nikasema kanisa letu halijazoea roki. Everline akasema litazoea.

Halafu Nerima, mke wangu wa ndoa, mama wa watoto wangu, akaingia chumbani akatoka na gita. Akaliweka mikononi mwa Wekulo kwa heshima, kama anayekabidhi mtoto wa ubatizo. Akarudi tena chumbani. Akatoka na amplifaya. "Na hii pia ni ya marehemu," akasema.

Walipoondoka nikamwambia amenisaliti. Akasema ahadi yake ilikuwa gita lisiende kwa Everline, na je, limekwenda? Nikamwambia basi hata wewe cherehani umeikosa. Akasema cherehani haijawahi kumchekesha. Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, akakiokota, akaanza upya.

Jumapili, 9 Juni

Wekulo amepiga "Cheche" kanisani. Usiku mmoja tu, na amekwisha kubadilisha maneno! Moshi wa kiwanda umekuwa moto wa Roho. Mawinguni hakugusa, alikuta panafaa. Yowe pia hakuligusa, na kanisa zima likalipiga pamoja, wazee, watoto, hata mzee wa sadaka aliyekuwa amesinzia. Kioo cha dirisha kimoja kililia.

Wakapiga makofi. Makofi ya kweli! Mimi, mwili ukajisahau, nikasimama kuinama. Mama wa nyuma akanivuta koti, akaninong'oneza, "Kaa, baba, jikaze. Kufiwa ni kugumu."

Mchungaji akaomba tumkumbuke Kweyu kwa kimya. Nikainamisha kichwa kwa heshima ya mtu ambaye hakuzaliwa na bado ameniibia wimbo. Nerima mabega yalikuwa yanatikisika. Waliomwona walidhani analia.

Jumatatu, 10 Juni

Nimejaribu ukweli. Sijautumia siku nyingi, lakini nilikuwa sina kingine.

Nilikwenda kwa Wekulo, nikamwambia Kweyu hayupo, hakuwapo, yule wa kwenye video ni mimi. Akanishika bega. Akasema huzuni hufanya hivyo, shangazi yake alipofiwa na mume alianza kuvaa suruali za marehemu. Nikarudi nyumbani mbio, nikachukua wigi na miwani, nikavaa, nikasimama mlangoni kwake nikapiga lile yowe.

Mkewe akaita majirani. Wameniombea kwa mikono kichwani, juu ya wigi. Everline alishika taya langu, akasema lingali sawa, nisiogope. Nilipoomba niazimwe gita hata jioni moja, Wekulo akasema kwa upole kwamba ninahitaji kumwacha Kweyu apumzike. Gita limefungiwa kwenye stoo ya kanisa.

Jumanne, 11 Juni

Leo nimetulia. Nimekunywa chai, nimewaza, na nimeona nilipokosea. Uongo haukuwa na kasoro. Ulikuwa mfupi tu. Kweyu alisema mara moja akanyamaza, watu wakamshika kwa neno lile lile. Marehemu wa maana hurudi kueleza vizuri.

Basi leo atanijia ndotoni. Atakuwa na miwani nyeusi. Atasema kule stoo kuna unyevu na nyuzi zinashika kutu, gita arudishiwe Luseno, amplifaya nayo, na kwamba Wekulo anabana nyuzi vibaya, hata huko aliko wanalalamika. Pia ana wimbo wa pili. Nimeshautunga.

Nerima anasema ndoto haziji kwa kuagizwa. Hajui kazi hii. Nikiota, nisipoota, kesho asubuhi nimeota.