Zabibu Zilizooga kwa Simu

"Mmesikia? Zabibu za Anagnostis zimeoga."

Garifalia, mwenye mkahawa, aliitua habari hiyo mezani pamoja na vikombe vyetu.

"Anagnostis yupi?" nikauliza.

Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo. Kijijini hapa mjukuu hurithi jina la babu, na mzee Anagnostis aliacha wajukuu wawili wenye jina lake. Kisogoni tunawaita Redio, maana hazimiki, na Mkono wa Birika, ambaye kahawa yake hakuna aliyewahi kuionja. Usoni? Thubutu.

Wote wawili walikuwepo, kila mmoja kampa mwenzake mgongo. Redio akajitetea kwamba alikuwa anamwagilia matikiti yake kwa pampu inayowashwa kwa simu, hapo hapo kitini. Maji yakafumuka uani kwa binamu yake, kwenye zabibu zilizoanikwa. Nusu ndiyo iliyookolewa.

"Pampu zote mbili tumezipa jina la babu," akasema. "Simu ikaweka Anagnostis wa kwanza na wa pili. Nikabonyeza wa kwanza. Wa kwanza si mimi?"

"Wewe? Nimekuzidi miezi mitatu, bwana."

"Lakini mpwa wetu Dionisia, aliyetufungia, kasema mtandao wa pampu za ukoo una kufuli. Mwizi hapenyi."

"Mwizi atapenyaje, na wewe umeshajaa mlangoni?"

Mkono wa Birika akaapa kuing'oa pampu yake mtandaoni leo leo. Garifalia akamuuliza kama lile goti lake bovu litapanda kilima kila jioni kufungua maji. Tukampigia Dionisia, aliyeko Ujerumani.

"Wajomba zangu, zipeni majina ambayo kijiji kizima kinawajua nayo."

Nani angeyatamka majina hayo mbele yao? Garifalia akaichukua simu, akaenda kunong'ona jikoni. Alivyorudi, akasema lazima kila mtu akubali jina jipya la pampu yake kwa kidole chake, la sivyo pampu haiungani.

Redio akabonyeza bila kinyongo. Mkewe humwita vibaya zaidi.

Mkono wa Birika akainyoosha simu mbali na macho, akasoma polepole: "Mkono wa Birika anaomba kuungana. Unamkubali?"

Akatutazama mmoja mmoja. Sote tukanywa vikombe vitupu. Akapapasa goti lake, akashusha pumzi, akabonyeza.

"Garifalia," akasema, kidevu juu, "kahawa kwa wote."

Tukatazamana. Miujiza huanza hivi hivi.

"Redio atalipa," akamalizia. "Fidia ya zabibu."