Ziba Mpira, Zungusha Distribyuta

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe amechoka kuendesha. Lile gari lake kuukuu la kabureta atampa mkwe atakayelipandisha mlima wa hospitali Jumamosi bila kuzima. Wakwe tuko wawili: mimi na mwanyumba, mume wa dada wa mke wangu, bwana mwenye shati la pasi hata siku ya kufua. Kasema nianze mimi kulijaribu, yeye atasubiri. Mtu hasubiri bure. Ana lake jambo.

Jumanne, 5 Machi
Gari linasitasita. Nimepita kwa fundi kama mtu anayenyoosha miguu, nikauliza kwa niaba ya rafiki. Fundi akasema taiming imeharibika, cheche inachelewa. Rafiki yangu auchomoe ule mpira mwembamba unaovuta hewa kutoka kabureta hadi distribyuta, ile inayogawa cheche, auzibe, alegeze nati, azungushe distribyuta taratibu mpaka injini itulie, halafu... Hapo nikaaga. Ukimsikiliza fundi mpaka mwisho, anadhani hujui kitu.

Jioni nikachomoa mpira, nikauziba kwa kitu nilichokuta mfukoni, nikauchomeka nyuma ya kabureta usinisumbue. Nikazungusha. Injini ikatulia kama paka aliyeshiba. Mimi ni mtu hatari.

Alhamisi, 7 Machi
Likisimama, tulivu. Likitembea, zito, na mafuta linakunywa kama limetumwa. Nikazungusha distribyuta tena. Likachangamka. Nikaongeza kidogo, maana kizuri hakitoshi. Mlimani injini ikaanza kugonga, kokoto ndani ya sufuria, kisha ikazima. Nikashuka kinyumenyume huku nikimpungia mwenye duka, aone kwamba ndivyo nilivyotaka.

Mke kaona doa la wino kwenye mfuko wa shati langu. Kauliza kofia ya kalamu iko wapi. Nikakumbuka mwanyumba aliiazima kalamu hiyo juzi. Mwizi huanza na vitu vidogo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepata dawa ya kugonga. Redio, sauti juu kabisa.

Jumamosi, 9 Machi
Baba mkwe mbele, mwanyumba nyuma na shati lake la pasi. Redio ikalia. Baba mkwe akaizima, akasema anataka kulisikia gari lake. Akalisikia. Katikati ya mlima likagonga, likatetemeka, likafa.

Mzee akasema kwa upole kwamba mlima huu alimpandisha mama mkwe akiwa na uchungu, na gari halikuzima. Mtoto aliyezaliwa siku ile ndiye mke wangu. Niliona haya, kwa kweli. Nilitamani kuingia chini ya kiti.

Mwanyumba akafungua boneti, akauliza ni nani aliyeuvalisha mpira kofia. Ni kofia ya kalamu, ya bluu. Akaichomoa, akaurudisha mpira kwenye distribyuta, akasema ukiziba lazima uzibue, la sivyo cheche haiwahi injini inapokimbia. Akarudisha distribyuta nyuma kidogo. Gari likapanda hadi lango la hospitali likiimba. Baba mkwe alicheka mpaka akafuta macho, hata mimi nikacheka. Ufunguo akapewa mwanyumba. Mimi nikapewa kofia.

Jumapili, 10 Machi
Nimelitafakari jambo hili kwa kina. Kosa ni la fundi, hakuniambia nizibue. Na mwanyumba alijuaje kofia ilipo? Anayeificha ndiye anayeiona.

Si kitu. Pampu ya maji ya baba mkwe imekwama, na mkwe atakayeitengeneza atapewa baiskeli yake. Mchana nimempitia fundi wa pampu, kwa niaba ya rafiki. Kasema rafiki afungue ile nati kubwa ya chini, lakini kabla ya hapo...

Nikamshukuru, nikaaga. Nati kubwa nimeshaiona.