Metre Moja Safi ya Papa Ladislas

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Kosa la watu wengi, wakiambiwa kwamba wageni watakuja kuangalia shamba lao, ni kuliacha shamba kama lilivyo. Mimi sitafanya hivyo. Nimekuwa mkuu wa shule miaka thelathini na moja. Najua maana ya ukaguzi.

Mambo yako hivi. Lile shirika linaloitwa Macho na Mikono limefika hapa Karuba. Linafundisha watoto sayansi nje, kwenye majani na udongo. Watoto hawanakili ubaoni. Wanashika, wanahesabu, wanauliza. Limemtuma Mukundwa, niliyemfundisha mimi mwaka wa tano. Amepima metre moja kila upande nyuma ya nyumba yangu, akazungusha kamba kwenye vijiti vinne. Amepima nyingine katika malisho ya Mama Mukabaranga, muuza maziwa. Jumamosi watoto watachunguza zote mbili. Pale watakapouliza maswali mengi zaidi ndipo darasa litakapokuwa kila Jumamosi, na mwenye mahali atakuwa mlezi wa darasa. Atatunza pia sanduku la vioo vya kukuzia.

Mukabaranga! Aliacha shule mwaka wa tatu.

Nafasi hii ni yangu. Tangu nistaafu, miaka minne sasa, nimeulizwa maswali mawili tu hapa nyumbani: nitakula sasa au baadaye, na miwani yangu iko wapi. La pili nilijiuliza mwenyewe.

Mukundwa aliniomba nisiguse kitu ndani ya kamba. Ni heshima tu. Vijana hawapendi kumchosha mzee.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Salongo, kazi ya usafi. Nilianza asubuhi na mapema. Nimekata majani yote kwa panga. Nimeng'oa mizizi, nimetoa mawe, nimefagia mara tatu. Vijiti vinne nimevipaka chokaa. Chokaa iliyobaki nimeinyunyiza kando kando, mistari minne iliyonyooka. Inapendeza! Kama uwanja wa shule siku ya mkaguzi.

Mke wangu alitoka jikoni, akatazama, akauliza ni nani tumemzika.

Mukabaranga alipita na bidoni yake ya maziwa kichwani. Alisimama. Alicheka mpaka akalazimika kushika bidoni kwa mikono miwili. "Papa Directeur, hapa ata kiroboto itateleza!" Nilimweleza kwa utulivu maana ya usafi. Akasema yeye aliambiwa asiguse, njo maana hakugusa, na zaidi ya hayo ng'ombe hawamwachii nafasi.

Nilikwenda kuona kwake. Majani yanafika magotini. Katikati ya kamba, ng'ombe ameacha mavi. Mabichi. Katikati ya sayansi! Nilimhurumia kweli.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Nilikaa kwenye kigoda nikachunguza metre yangu saa nzima. Chungu mmoja alikatiza. Hakusimama. Sikumhesabu, kwa sababu alikuwa safarini.

Basi nimeelewa. Darasa hufagiwa kwanza, kisha huingizwa madawati. Mimi nimefagia, sasa niingize madawati. Nimekusanya kwenye migomba minyoo ya udongo kumi na miwili, konokono watatu, panzi wawili, na chura mmoja kutoka kijitoni. Nimewapanga kwa safu, wafupi mbele.

Panzi waliondoka kabla sijamaliza safu. Chura alikwenda kwenye maharage. Minyoo haikuipenda chokaa. Ilijikunja, na wakati nilipokuwa nikitafakari sababu, kuku wa mke wangu walifika. Kuku watano. Minyoo kumi na miwili. Hesabu hiyo ilimalizika haraka.

Wamebaki konokono. Konokono ni mwanafunzi mzuri: anakaa ulipomweka.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Mvua tangu saa sita mchana. Ardhi isiyo na majani hushuka na maji. Hilo nimelifundisha miaka yote. Metre yangu imeshuka na maji. Nusu yake sasa iko kwa maharage, pamoja na konokono wawili. Nimenyoosha vijiti. Nimefagia.

Mvua ilipokatika nilipata wazo kubwa. Kinyonga! Kinyonga mmoja ni sawa na wadudu kumi. Watu wa hapa wanamwogopa bure. Nimewaeleza wanafunzi mara nyingi kwamba hana madhara. Nilimpata kwenye ua, nikamleta juu ya fimbo ya metre mbili. Urefu wa fimbo ni kwa sababu za kisayansi. Nilimfunga mguu kwa uzi kwenye kijiti.

Mjukuu wangu Uwingabire alikuja mbio. Ana miaka tisa. Aliuliza kama kinyonga ana meno.

Swali! Na mimi ndiye niliyeulizwa!

Alitaka kuchuchumaa amwangalie mdomoni. Nikamwambia asubiri kwanza, nimweleze vizuri. Nilianza na ngozi, nikaenda kwa macho, nikaingia kwenye ulimi. Nilikuwa nimefika kwenye sehemu ya mwendo wake wa polepole nilipogeuka. Mtoto hayupo. Kinyonga hayupo. Uzi upo.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Hakuna haja ya viumbe. Viumbe hawana nidhamu. Nimechukua katoni kubwa, nimechora wadudu ishirini na wanne, kila mmoja na jina lake kwa Kifaransa. Watoto watajua yote ambayo wangeyaona.

Mukabaranga alikuja kutukumbusha kwamba kesho tunaanza saa mbili. Alitazama metre yangu, akatazama konokono wangu mmoja. Safari hii hakucheka. "Papa, nikuletee mavi kidogo? Kwetu iko mingi."

Nilikataa kwa adabu.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Watoto kumi na wanane. Walianza kwangu. Walikaa kuizunguka kamba, kila mmoja na kioo chake cha kukuzia. Mukundwa alisema mtu mzima asieleze kitu; tusubiri watoto waseme wanachoona.

Tulisubiri. Manzi, mtoto wa fundi baiskeli, alisema anaona udongo. Mwingine alisema anaona chokaa. Wa tatu aliuliza kwa nini hakuna msalaba.

Ukimya ule sikuuweza. Nilisimama na katoni. Nilieleza kwa mpangilio, bila haraka. Kwa mdudu wa tisa niligeuka kuuliza kama wote wamenifuata. Alikuwepo Mukundwa, akitazama viatu vyake. Na kuku.

Kelele zilikuwa zikitoka kwa Mukabaranga. Niliteremka. Watoto wote walikuwa wamelala kifudifudi kuzunguka yale mavi ya ng'ombe, vijiti mikononi. Mavi yalikuwa na matundu kama sponji. Ndani, mbawakawa weusi, mabuu meupe, uyoga mdogo kama vichwa vya pini. Viumbe aina ishirini na tatu! Mukundwa hakuweza kuandika maswali yote.

Uwingabire, gauni lote tope, alikuwa akimfuata mbawakawa anayesukuma tonge lake kinyumenyume. Aliuliza anajuaje njia na haioni. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza Mukabaranga.

Mukabaranga akasema, "Miye sijue. Tuangalie."

Mbele ya watoto kumi na wanane! Na hakuna aliyemcheka. Alijilaza naye kwenye majani, kitenge na yote. Nilifungua mdomo. Mukundwa alinishika mkono, nikafunga mdomo.

Sanduku limekwenda kwa Mukabaranga. Nilipanda kilima peke yangu. Konokono hakuwa amesogea.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Baada ya misa Mukundwa alikuja nyumbani. Alisema Mukabaranga mwenyewe ameomba niwepo, maana watoto wanauliza mbio na yeye haandiki mbio. Kazi yangu: kukaa kwenye kigoda, kuandika kila swali kwenye daftari, na kutojibu hata moja. Na Jumamosi ijayo wakubwa wa shirika watatoka Goma kuja kuona.

Nilikubali kabla hajamaliza.

Nilimwambia pia kwamba nimeelewa kosa langu. Nilimweleza kosa hilo kwa urefu kidogo. Aliondoka jua likizama.

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba

Saa kumi na mbili asubuhi. Wageni watafika saa tatu. Daftari liko tayari, nimelipiga mistari.

Nimepita malishoni. Mukabaranga anakamua, amenipungia mkono. Maskini, anafikiri kila kitu kiko sawa. Majani yamezidi kurefuka. Mavi ya zamani yapo, na mapya matatu. Kamba imelegea. Na watu wanatoka Goma!

Kosa langu ni wazi: nilifagia Jumanne kwa ajili ya Jumamosi. Ni mapema mno. Usafi lazima uwe wa siku ileile.

Leo, kabla ya saa tatu: chukua panga, ufagio na chokaa, uteremke kwa Mukabaranga.