Ombi la Kurudishwa Nyuma ya Farasi

Kwa Ndugu Thaddeus Kowal,
Mwenyekiti, Kamati ya Maandamano ya Fahari ya mtaa wetu,
Toledo, Ohio.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini hujambo, na mumeo Emmett hajambo. Kwa niaba ya sisi sote tuliobadili jinsia, nalalamikia vikali uamuzi wa kamati yako kutuweka mbele ya maandamano mwaka huu. Najua ni mimi niliyelidai jambo hilo kila mwaka. Sikutarajia mngenisikiliza.

1. Nyuma tumepazoea. Mlitangulia nyinyi mashoga na wasagaji, zikafuata benki zinazotudhamini, mbwa waliovishwa sketi, farasi wa polisi, ndipo sisi, tukiruka mavi. Kule nilikuwa na la kusema. Juzi mkutanoni nilinyoosha mkono kwa mazoea, nikakosa la kulalamikia. Bernadine, mwenzangu wa huko nyuma, akanivuta gauni: "Shusha mkono, shoga yangu, tumeshinda!"

2. Mnaniharibia kinyongo. Ulipokuwa bawabu wa ile baa ya zamani ya mashoga, ulinizuia mlangoni: "Samahani dada, humu wanaingia wanaume tu." Nimekusimanga kwa hilo tangu ujana wetu. Sijawahi kukwambia kwamba wewe ndiye mtu wa kwanza kuniita dada, na kwamba kesho yake nilirudi makusudi ili nifukuzwe tena.

3. Mbele kunatisha. Matusi ya kando ya barabara yalikuwa yakitufikia yameshapoa, maana mlikwisha kuyapokea nyinyi. Mwaka jana nilikuona ukijifuta shingoni yai ulilorushiwa huku unawapungia watu mkono. Sasa wanasiasa wanatutaja sisi kila jioni kwenye televisheni, kwa hiyo mayai yote ni yetu. Mimi ni bibi wa miaka sitini na saba, nina gauni moja tu la hariri, na naogopa.

Kwa hiyo naomba turudishwe nyuma ya farasi, nami niendelee kuwalalamikia kwa raha zangu.

Wasalimie wanakamati wote, hata yule mwenye tarumbeta.

Wako katika manung'uniko,
Marvela Pruitt

Nyongeza: Nimempa Bernadine barua hii atie sahihi, amekataa. "Ogopa, lakini huku unatembea," kasema. Kisha kaniambia kwamba wewe na Emmett mmeomba kutembea ubavuni mwetu, mmoja kila upande, na miavuli mikubwa. Mbona hukuniambia? Ichane barua hii. Na ukithubutu kuturudisha nyuma, nitakuandikia nyingine ambayo mbele yake hii itaonekana barua ya mapenzi.