Unga wa Tarwi wa Kumnenepesha Nieves

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Nieves wangu kacheka usingizini. Nikakaa kumtazama hadi uji ukaungua.
Ila homa imemkondesha. Zahanati wamempima: kilo arobaini na moja. Mama mkwe, Doña Herminia, kasema Jumamosi anapimwa tena. Asipoongeza hata kilo moja, anamrudisha kwake bondeni. Akaniuliza kama nilioa mke au ufagio.
Nina mpango. Unga wa kinywaji: shayiri na tarwi. Hakuna kunde yenye protini kama tarwi! Baiolojia nilipata kumi na nne kati ya ishirini.

Jumanne, 4 Juni
Jirani Casilda huuza unga kama huo sokoni. Magunia yake ya tarwi yako mtoni siku ya sita, ati yatoke uchungu. Nimechungulia. Maji yanatoka ya njano! Protini yote anawalisha samaki! Nikamwambia. Akajibu, wewe Abilio, uchungu ule si wa kuchezea, umeshaangusha ng'ombe.
Wivu wa biashara.

Jumatano, 5 Juni
Sikuloweka. Nimekaanga, nimesaga, nimebandika lebo kwenye kopo: Protini 40, Chuma 30, Mapenzi 100. Ni chungu balaa. Nimeongeza sukari guru.

Alhamisi, 6 Juni
Kanywa vikombe viwili, machozi yakimtoka. Nikadhani ni mapenzi. Baadaye akasema ananiona wawili. Nikafurahi! Kisha akaanguka mlangoni, akitapika, moyo ukimwenda mbio.
Casilda ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati. Mimi nilibeba kopo. Nesi akauliza kanywa nini. Nikamsomea lebo.

Jumamosi, 8 Juni
Yu hai. Kilo thelathini na nane.
Mama mkwe hakunitukana. Kafunga nguo za mwanawe, basi. Nieves kaniambia taratibu kwamba ningemuuliza tu. Alikuwa anatamani viazi na yai. Gari likaondoka. Hakugeuka.

Jumapili, 9 Juni
Kitana chake kiko dirishani, na nywele mbili.
Nimefikiri mchana kutwa. Kosa nimeliona: tarwi. Naiacha kabisa! Sasa ni nafaka ya kwinoa tupu. Casilda kapita, kasisitiza niioshe hadi povu liishe, ati nalo huchafua tumbo. Povu lile, zito, jeupe kama maziwa, nilimwage?
Nimesaga kilo tano bila tone la maji. Kesho nashuka bondeni. Kikombe cha kwanza, kwa heshima, nitampa mama mkwe.